Mama Aliyeketi Nje ya Mlango wa Maktaba



Mwaka jana sisi mafrateri watatu wa falsafa tulipangiwa utume wa Jumamosi katika parokia iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka seminarini. Paroko alitukabidhi chumba kilichokuwa stoo ya viti, makabati mawili ya vitabu vilivyokusanywa kwa miaka mingi, na ufunguo mmoja. Alitaka watoto wa parokia wapate mahali pa kujisomea. Tulipiga deki, tukabandika namba kwenye migongo ya vitabu, kisha tukaandika sheria kwa kalamu nene na kuzibandika mlangoni. Ya kwanza ilikuwa neno moja tu: KIMYA. Ya pili ilisema watoto wa chini ya miaka saba hawaruhusiwi kuingia. Ya tatu ilihusu faini: shilingi 500 kwa kila wiki ya kuchelewesha kitabu, na anayekipoteza au kukiharibu alipe bei yake.

Jumamosi ya tatu tukamwona mama mmoja ameketi nje juu ya tofali, kichanga mgongoni, anamsubiri binti yake wa darasa la nne aliyekuwa ndani anasoma. Jua lilikuwa kali. Tukamwambia, "Karibu ndani mama, kuna kivuli." Akajibu kwa upole, "Asante frateri, acha tu nikae hapa. Mimi kusoma sijui, na huyu atapiga kelele." Binti yake alikuwa amemsomea sheria zetu, naye alizitii.

Tulirudi seminarini na jibu hilo likatukaa. Hatukuwa na nia mbaya. Tulidhani tunajua maktaba ni nini. Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuulizana namna maktaba za umma za siku hizi, za mbali na za karibu, zinavyoipokea familia nzima, yaani mtoto wa shule pamoja na mdogo wake anayetambaa, mama yake na bibi yake. Tuliyoyapata ndiyo tunayowashirikisha hapa.

Tuanze na malezi yetu wenyewe. Wengi wetu tuliijua maktaba ya mkoa tukiwa kidato cha tatu na cha nne. Tulikwenda na madaftari yetu, tukatafuta meza karibu na dirisha, tukafanya maswali ya mitihani iliyopita mpaka mlinzi alipotikisa funguo. Vitabu vya rafuni wengi hatukuvigusa. Kwetu maktaba ilikuwa meza, taa na utulivu ambao nyumbani haukuwepo. Hilo ni jambo kubwa na hatulidharau, kwani baadhi yetu tusingefaulu bila meza ile. Lakini aliyeingia mle alikuwa mwanafunzi peke yake. Hatukumbuki kumwona mzazi na mtoto wameketi mbele ya kitabu kimoja.

Nchi yetu ilianza na nia pana zaidi. Sheria iliyounda bodi ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Katika miaka ya sabini, kisomo cha watu wazima kilipoenea, zilianzishwa maktaba za vijijini ili aliyejifunza kusoma asije akasahau kwa kukosa cha kusoma. Aliyefikiriwa wakati ule alikuwa mkulima na mke wake. Kwa hiyo wazo la maktaba kumhudumia mama wa kijijini halikuletwa juzi na wageni.

Vitabu vilivyofungwa minyororo

Sisi tunaosoma falsafa tumezoeshwa kuuliza kitu kipo kwa ajili ya nini kabla ya kuuliza kitunzwe vipi. Kuhusu maktaba, historia inaonyesha kwamba swali la pili mara nyingi lilitangulia.

Mjini Cesena, Italia, kuna maktaba iitwayo Malatestiana, iliyojengwa ndani ya konventi ya Wafransiskani na kufunguliwa mwaka 1454. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa maktaba za kwanza za umma barani Ulaya, kwa sababu vitabu vyake viliwekwa chini ya ulinzi wa mji, vikiwa si mali ya watawa peke yao. Ukiingia leo utaviona vitabu vile vimefungwa kwa minyororo kwenye madawati, kama vilivyokuwa tangu mwanzo. Msomaji alikifuata kitabu, kitabu hakikumfuata msomaji. Na katika Chuo Kikuu cha Salamanca, Hispania, bado upo ubao wa zamani unaomtishia kutengwa na Kanisa mtu atakayetoa kitabu nje. Tulipousoma habari zake tulicheka, kisha tukakumbuka karatasi yetu ya mlangoni. Faini ya shilingi 500 ni mjukuu wa ubao ule.

Tusiwahukumu. Kitabu kilichonakiliwa kwa mkono kiligharimu miezi ya kazi ya mtu. Lakini mazoea ya mnyororo yalibaki hata baada ya mitambo ya uchapaji kuvifanya vitabu kuwa vingi na rahisi. Aliyelisema hili wazi kuliko wengine ni Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyeteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwaka 1931 alichapisha kitabu cha sheria tano za maktaba ambazo wakutubi duniani kote wanafundishwa hadi leo. Ya kwanza inadai kwamba kitabu kimewekwa kwa ajili ya kutumiwa, na nyingine zote zinafuata kutoka hapo: kila msomaji ana kitabu chake, kila kitabu kina msomaji wake, muda wa msomaji usipotezwe, na maktaba yenyewe ni kiumbe kinachokua. Mtu wa hisabati huyo, alianza na kanuni moja akavuta matokeo. Ukiichukua kanuni hiyo kwa uzito, karatasi ya "KIMYA" inabidi ijitetee. Je, mtoto wa miaka mitatu anatumiaje kitabu kimyakimya?

Saa ya hadithi

Karne ya kumi na tisa maktaba nyingi za Marekani hazikuwaruhusu watoto kabisa. Ilibidi mtu afikishe miaka kumi na miwili, pengine kumi na minne, ndipo apewe kadi. Sheria yetu ya pili, ile ya miaka saba, tulidhani tumeibuni sisi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mambo yakabadilika. Vikatengwa vyumba vya watoto vyenye meza fupi na rafu za chini, na ikaanzishwa saa ya hadithi: mkutubi anakaa kitini, watoto wanamzunguka, anasimulia.

Hapa tunaomba tukawie kidogo kwa mtu mmoja, kwa sababu habari zake zilitufungua macho kuliko ripoti zote. Pura Belpré alizaliwa Puerto Rico, kisiwa cha Kikatoliki ambacho Marekani ilikitwaa kutoka kwa Wahispania mwaka 1898. Alifika New York mwaka 1920 kwa harusi ya dada yake, na mwaka uliofuata akaajiriwa na maktaba ya umma ya jiji hilo katika tawi la Harlem. Alikuwa Mpuerto Rico wa kwanza kupata kazi hiyo. Akaona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Familia za Kipuerto Rico zilikuwa zinahamia mtaani kwa wingi, lakini zilipita nje ya jengo lile kana kwamba ni benki. Wazazi walisema Kihispania, na ndani kila kitu kilikuwa Kiingereza. Alipotafuta rafuni hadithi alizosimuliwa na bibi yake, hakukuta hata moja.

Belpré hakuwangoja. Alitoka akawafuata katika vituo vya jamii, akaanzisha saa ya hadithi kwa lugha mbili, Kiingereza na Kihispania. Akatumia vikaragosi alivyotengeneza mwenyewe. Akaanza kuadhimisha maktabani sikukuu ya Mamajusi, tarehe 6 Januari, ambayo kwa watu wake ndiyo siku watoto wanapopewa zawadi. Na kwa kuwa hadithi za bibi hazikuwa kitabuni, aliziandika. Mwaka 1932 ikachapishwa ile ya mende Martina na panya Pérez. Mzazi ambaye hakujua Kiingereza sasa aliketi pamoja na mwanawe na kucheka mahali pale pale mwanawe alipocheka.

Nasi tuna bibi wa namna hiyo katika kila jumuiya. Ukisema "Paukwa!" mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu, wataitikia "Pakawa!" hata wale ambao nyumbani hawajawahi kuona kitabu kisicho cha shule. Mlango wa kuingilia tulikuwa nao tayari, ila tulikuwa tumebandika karatasi ya KIMYA juu yake.

Saa ya hadithi ya siku hizi imeongezeka kitu kingine. Katika maktaba nyingi za Marekani na Ulaya hufanyika kikao cha watoto wachanga, ambao bado hawajui hata kukaa vizuri. Mzazi anampakata mtoto. Mkutubi anaimba wimbo wa vidole, wote wanarudia. Anafungua kitabu chenye picha ya jogoo, anauliza jogoo analiaje, wazazi wanawika. Kitabu hicho hicho kinasomwa tena na tena. Mgeni akichungulia dirishani atadhani watu wazima wamerukwa na akili. Lakini mwanafunzi wa kikao kile si mtoto. Ni mzazi. Mtoto anakaa na mkutubi nusu saa kwa wiki, na saa nyingine zote anakaa nyumbani. Mkutubi anamwonyesha mzazi jambo la kwenda kufanya wakati wa kupika, kuosha na kulaza.

Wakutubi wa Marekani wameyafupisha mafunzo hayo kwa wazazi kuwa matendo matano: kuongea na mtoto, kuimba naye, kusoma naye, kuandika naye na kucheza naye. Tulipoyasoma tulimkumbuka yule mama wa tofali. Katika matano hayo, matatu hayahitaji kujua hata herufi moja. Mama anayemwongelesha mtoto akichambua mchicha, akimtajia rangi na kumhesabia majani, tayari anamwandaa kusoma, kwa sababu mtoto ataitambua kitabuni haraka zaidi ile lugha ambayo masikio yake yanaijua. Hata katika kusoma kuna njia: vitabu vya picha visivyo na maneno, ambamo msimulizi ni yule anayekifungua. Mama alituambia hajui kusoma kama sababu ya kukaa nje. Kumbe sisi ndio tuliokuwa hatujui kitu alichokuja nacho.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1992 mjini Birmingham ulianza mpango uitwao Bookstart. Familia 300 zenye watoto wachanga zilipewa mfuko wenye kitabu na mwaliko wa kujiunga na maktaba, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Kitabu kinamfikia mtoto kabla ya jino la kwanza. Na kule Aarhus, Denmark, katika maktaba ya Dokk1 iliyofunguliwa mwaka 2015, imetundikwa kengele kubwa sana. Mzazi aliyepata mtoto katika hospitali ya mji ule anaweza kubonyeza kitufe, na kengele inalia maktabani. Wasomaji wanainua vichwa, wanajua kuna mgeni amefika duniani. Sisi tuliozoea kengele ya Malaika wa Bwana tulilielewa jambo hili bila kuelezwa.

Faini, na kile tulichomfanyia yule mama

Sasa tuje kwenye sheria ya tatu, ambayo ndiyo iliyotuumiza.

Kwa miaka mingi faini ilionekana kuwa haki tupu: umechelewesha, umewanyima wenzako, lipa. Mwezi Januari 2019 maktaba ya umma ya San Francisco ilitoa ripoti iliyochunguza jambo hilo. Waligundua kwamba watu wa mitaa yote, matajiri kwa maskini, huchelewesha vitabu kwa kiwango kinachokaribiana. Tofauti inaanza baadaye. Mwenye nacho analipa, anasahau, anaazima tena. Asiye nacho anaona deni linakua, kadi yake inafungwa, na hakanyagi tena. Kwa hiyo adhabu ile ile, kwa kosa lile lile, ilikuwa ikiwatoa nje maskini peke yao. San Francisco waliziondoa faini mwaka huo huo. Chicago wakafuata mwezi Oktoba 2019, na New York mwezi Oktoba 2021. Hawakuacha vitabu viende ovyo. Anayekaa na kitabu muda mrefu hudaiwa bei ya kitabu chenyewe, na akikirudisha deni linafutwa. Huko Chicago, vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani kwa hofu vilianza kurudi kwa wingi katika majuma ya kwanza.

Tulikuwa tumeyasoma hayo na kuyaona ya Marekani, mpaka tulipoambiwa habari za yule mama. Baada ya siku ile ya tofali tulimwingiza ndani, na binti akaazima kitabu cha picha za wanyama ili amwonyeshe mdogo wake. Kisha hawakuonekana tena. Wiki zikapita tisa. Siku moja mwenyekiti wa jumuiya yao alitunong'oneza baada ya Misa kwamba mama yule siku hizi anasali Misa ya kwanza. Tukasema ni vizuri. Akatwambia, "Hapana, frateri. Anasali ya kwanza kwa sababu ninyi mnahudumu ya pili." Kichanga kilimwagia kitabu uji, kurasa zikagandana. Mama alihesabu faini pamoja na bei, akaona hana.

Jioni ile tulibishana. Mmoja wetu alisimamia haki: Mtakatifu Thoma anafundisha wazi kwamba aliyemharibia mwenzake ana wajibu wa kurudisha, na parokia haina fedha za kununua kitabu kila mtoto anapomwaga uji. Mwingine akauliza parokia imepoteza nini hasa, kitabu cha shilingi elfu nane au mama na watoto wawili. Wa kwanza akajibu, na kwa kweli alijibu vizuri, kwamba huruma inayofundisha watu kutojali mali ya wote si huruma. Tulilala bila kukubaliana. Kesho yake jioni tukaendelea. Kilichotuvusha ni jambo dogo: tulifungua daftari la kuazima tukakuta tarehe ya kitabu kilichochukuliwa na mmoja wetu sisi wenyewe, miezi minne iliyopita, hakijarudi, na hakuna aliyemwandikia faini. Aliyesimamia haki ndiye aliyekwenda kuubandua ukurasa wa sheria mlangoni.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nyumbani kwake. Tulipobisha hodi alitutazama kwa woga. Tulimwambia hakuna deni. Akaingia ndani, akatoka na kitabu amekifunga kwenye kipande cha kitenge. Alikuwa amezitenganisha kurasa kwa mvuke wa chai, ukurasa baada ya ukurasa, na kuushona mgongo wake kwa uzi mweusi.

Zinazofanyika karibu nasi

Mtu anaweza kusema Ulaya na Marekani wana fedha. Ni kweli. Oodi, maktaba iliyofunguliwa Helsinki mwezi Desemba 2018 mkabala na jengo la Bunge la Finland, ina cherehani, studio za muziki na jiko la kupikia ambavyo mwananchi huvitumia, na kwenye ghorofa ya watoto vigari vya kubebea wachanga vimepangiwa maegesho yao. Hatuoti kuwa na Oodi. Tunachokichukua pale ni hayo maegesho ya vigari, maana yake mtu aliyechora ramani alimfikiria mama kabla hajafika.

Nchini Kenya, mwaka 1996, shirika la taifa la maktaba lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika eneo la Garissa, kwa sababu familia za wafugaji huhama. Sanduku za vitabu mgongoni, hema linasimikwa chini ya mti, mkeka unatandikwa. Nchini Zambia, maktaba za Lubuto, ya kwanza ikiwa imefunguliwa Lusaka mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wanaoishi katika mazingira magumu, zina mpango wa akina mama wenye watoto wadogo, wanaojifunza pamoja kuwasomea watoto na kutunza afya zao.

Na kuna Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya wazungu tu. Yaya Mwafrika angeweza kumfikisha mtoto wa mwajiri wake mpaka mlangoni, akaishia hapo. (Sisi tulipofika kwenye tarehe hiyo hatukusema kitu kwa muda.) Mwaka 2017 wanawake wawili Wakenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk ili kulikarabati jengo hilo pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katika mitaa ya watu wa kawaida upande wa mashariki wa jiji. Matawi hayo yamefunguliwa upya, yana sehemu za watoto na shughuli za kusimuliana hadithi.

Chumba chetu sasa kinafunguliwa Jumamosi saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Saa ya kwanza ni ya familia: mikeka miwili chini, kelele ruksa. WAWATA wameweka zamu ya bibi wa kusimulia, na yule mama husimulia pia, hasa hadithi za sungura, kwa sauti kubwa kuliko sote. Saa ya pili na ya tatu ni za kujisomea, na hapo tunaomba utulivu, maana wanafunzi wa kidato cha nne nao ni watoto wetu. Jambo moja bado hatujalitatua. Akina baba hawaji. Wawili wamewahi kufika, wote wakabaki wamesimama mlangoni wakiangalia simu. Wasomaji wenye uzoefu mtushauri.

Tuna vitabu 212 kwenye daftari. Vinavyowafaa watoto wa chini ya miaka mitano ni kumi na kimoja tu, pamoja na kile cha uzi mweusi. Mwenye kitabu cha picha ambacho wanawe wamekua na hawakitumii tena, hata kama kimechanika jalada, anaweza kukiacha katika ofisi ya parokia siku yoyote baada ya Misa ya asubuhi.